Aliyeliliwa Matanga Akirudi: La Kufanya Kabla ya Kikao cha Ukoo

Akishuka Mombo, habari zake zitamtangulia. Pale stendi hakosekani mtu wa kwao. Atamwangalia mara mbili, atapiga simu, na kabla Kosta haijamaliza kona za kupandia Soni, kijiji kizima kitakuwa kinajua kwamba yule mwanajeshi aliyeliliwa matanga miaka kumi iliyopita yuko njiani. Jioni uani hapatatosha. Kuna watakaolia, kuna watakaomshika mikono wahakikishe ni mtu, na pembeni wazee watakuwa wameshaanza kunong'onezana habari za kikao. Makala hii inamhusu yule ndugu mmoja ambaye kila ukoo unaye, anayebaki na akili zake wenzake wanapochanganyikiwa. Kazi ni yake, na inaanza usiku uleule.

Mambo haya yana historia kwetu. Tarehe 12 Februari 1944 meli ya Khedive Ismail, iliyotoka Mombasa kuelekea Colombo na wanajeshi, wakiwamo wapiga mizinga wa Afrika Mashariki, ilizamishwa na manowari ya Kijapani karibu na Maldivi. Walikufa watu zaidi ya 1,200, na kaburi lao ni bahari. Vijana wa Tanganyika waliochukuliwa na Keya, jeshi la mkoloni (KAR), walipigana Abisinia, Madagaska na Burma, na barua ilipokatika nyumbani hapakuwa na wa kuulizwa. Vita vya Kagera vya 1978 na 1979 vilibeba wanajeshi na mgambo kutoka kila pembe ya nchi. Na si zamani sana: tarehe 7 Desemba 2017, huko Semuliki mashariki ya Kongo, kambi ya walinda amani wa Tanzania ilishambuliwa, wakauawa zaidi ya 10, na mwingine akatajwa kuwa hajulikani alipo.

"Hajulikani alipo" ni maneno mazito kuliko "amefariki". Aliyefariki anazikwa, arobaini inasomwa, mjane anatoka eda, maisha yanaendelea. Asiyejulikana alipo humwacha mkewe na simu anayoogopa kubadilisha namba. Kwa hiyo mke aliyengoja, akachoka, akaolewa, hakumsaliti mtu, na hilo lisemwe kwa sauti siku ya kwanza, na mtu mzima wa upande wa mume, kabla mawifi hawajaanza yao.

Sasa usiku wenyewe. Mke apewe habari kabla ya umati, na mwanamke anayemwamini, faraghani. Asizisikie kwa mtoto wa jirani anayekuja mbio. Mgeni alale kwa mama yake, au kwa shangazi, au kwa mjomba kama wazazi hawapo. Asipelekwe kwenye nyumba anayoishi mkewe na mume wa pili, na huyo mume asiambiwe afungashe. Anayesema "hii nyumba ni ya mwenyewe, amerudi" mwambieni anyamaze mpaka asubuhi. Mke na aliyerudi wasiachwe walale pamoja usiku ule hata kama wote wawili wanataka. Watu wanaona haya kulizungumzia hili, lakini kuna suala la nani ni mume wa nani ambalo bado halijajibiwa, na kuna suala la afya. Wote wanaohusika wapime, virusi vya Ukimwi na kifua kikuu, katika hospitali ya wilaya au kituo chochote cha afya, na aliyerudi ndiye atangulie ili isionekane ni mtego kwa mwanamke.

Watoto wasilazimishwe. Mtoto aliyelelewa na baba mdogo na kumwita baba aendelee kumwita hivyo. Aliyerudi atakuja kupata jina lake mwenyewe midomoni mwao, baada ya miezi, akiwa ameshiriki kuwapeleka shule na kuwauguza homa. Mkimwekea mtoto wa darasa la nne mtu mwenye ndevu mbele yake na kumwamrisha "mwamkie baba yako", mtapata shikamoo, lakini mtoto mtampoteza.

Linalofuata ndilo kubwa. Wazee wetu wa milimani wana desturi ya kutaka kumaliza yote kwa kikao kimoja, na katika kikao hicho hutokea biashara ambayo nimeamua kuiita kwa jina lake: mke kwa shamba. "Wewe mwachie mwenzako mke, tutakukatia kile kipande cha bondeni." Au kinyume chake: "Chukua mkeo, shamba liache, mwenzako amelihangaikia." Inaonekana busara kwa sababu ardhi ya Usambara ni finyu, na bustani ya bondeni inayotoa kabichi na karoti mwaka mzima inaweza kulisha nyumba ambayo mteremko wa mahindi na maharage hauilishi. Lakini mwanamke anajadiliwa kama eneo, mara nyingi akiwa jikoni anapika chai ya kikao hichohicho. Ndoa ijadiliwe peke yake, naye awepo na aseme. Ardhi ijadiliwe siku nyingine. Mtu akijaribu kuviunganisha, mwenyekiti wa kikao amkate kauli.

Katika ndoa, swali la kwanza ni la karatasi: je, mahakama iliwahi kutamka kwamba mume anadhaniwa amekufa? Chini ya Sheria ya Ndoa ya 1971, mtu ambaye hajasikika kwa miaka mitano na wale ambao wangetarajiwa kupata habari zake kama angekuwa hai, anaweza kudhaniwa amekufa. Dhana hiyo inaweza kupinduliwa akitokea. Ila tamko la mahakama ni jambo jingine: kifungu cha 12 cha sheria hiyo kinaliweka pamoja na kifo chenyewe na talaka katika mambo yanayomaliza ndoa. Maana yake kwa lugha ya uani ni kwamba kama mke alikwenda mahakamani, akapewa tamko, kisha akaolewa, ndoa ya pili inasimama. Aliyerudi ni hai, ni baba wa watoto wake, lakini si mume tena. Wakitaka kurudiana ni safari mpya, yenye talaka ya huyu na ndoa nyingine kwa yule.

Kama hakuna tamko, na nyumba nyingi ziko hapa, mambo hugeuka. Matanga hayavunji ndoa. Barua ya kijiji haivunji ndoa, wala kukubaliana kwa ukoo kwamba mdogo wa marehemu amchukue mjane. Ndoa ya kwanza bado ipo, na kwa kuwa sheria haimruhusu mwanamke kuwa na waume wawili, ile ya pili ni batili hata kama ilifungwa kwa ngoma na picha. Hapo mwanamke ndiye wa kuulizwa anataka nini. Akitaka kurudi kwa wa kwanza, hahitaji ndoa mpya, anahitaji kuachana kwa heshima na wa pili na kupanga malezi ya watoto waliozaliwa huku. Akitaka kubaki, njia ni baraza la usuluhishi wa ndoa, kisha mahakama itoe talaka, ndipo yeye na wa pili wafunge ndoa upya. Akitokea shemeji wa kumtishia polisi, asikimbie na asisaini kitu. Amwone mwanasheria au mtoa msaada wa kisheria kwanza. Msaada huo una sheria yake ya 2017, na afisa ustawi wa jamii wa halmashauri anajua pa kumwelekeza. Tena wilaya yetu ya Lushoto ndiyo yenye Chuo cha Uongozi wa Mahakama. Ni aibu Lushoto isomeshe makarani na mahakimu, halafu watu wa Mlalo au Mtae waogope mlango wa Mahakama ya Mwanzo.

Aliyerudi naye aulizwe kuhusu upande wake. Miaka kumi ni mingi. Huenda ana mke na watoto Bukavu au Kalemi, na kikao kinachomlaumu mwanamke huku kikimficha mwanamume hakifai kuitwa cha usuluhishi.

Dini ina neno lake, na milimani haipuuzwi. Kwa Waislamu kuna hukumu mashuhuri inayonasibishwa na Khalifa Umar bin Al-Khattab: mke wa aliyepotea angoje miaka minne, akae eda ya miezi minne na siku kumi, kisha aolewe; na mume wa kwanza alipotokea alipewa hiari ya kuchagua kati ya mkewe na mahari yake. Wanazuoni wa Kishafii, madhehebu ya wengi wetu, wana kauli mbili juu ya hilo, na ile ya baadaye ya Imamu Shafii ni kali zaidi: mke angoje hadi kifo kiwe na yakini. Kwa hiyo msimtafute shekhe wa kuwapa jibu mnalolitaka. Mtafuteni aliyesoma, mumweleze yote. Kanisa Katoliki linataka askofu atamke kifo cha kudhaniwa kabla ya ndoa ya pili, na mume akirudi, machoni pa Kanisa ndoa ya kwanza ndiyo ndoa, hata kama mahakama ilikwisha kuimaliza. Mgongano huo ni wa kweli, na padri auelezwe mapema, kabla mtu hajanyimwa sakramenti mbele ya watu. Mlutheri aanze kwa mchungaji wake.

Shamba sasa. Aliye hai hana mirathi. Kama mahakama ilimteua msimamizi na mali ikagawanywa, rudini mahakama ileile na ombi la kubatilisha usimamizi, pamoja na hati ya kiapo ya aliyerudi na ya watu wanaomtambua. Kama kilichogawanywa kiligawanywa na ukoo bila mahakama, anzeni na serikali ya kijiji. Baraza la Ardhi la Kata siku hizi linasuluhisha tu, halitoi hukumu. Ikishindikana ni Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Msilale: madai ya kurudishiwa ardhi yana ukomo wa miaka 12, na mtu anayesema "shamba halikimbii" hajui sheria.

Kabla ya hapo, tembeeni shambani pamoja. Huu ndio ushauri ninaoupenda kuliko yote niliyoandika hapa, na hauna gharama. Aliyerudi, aliyelima miaka yote hiyo, majirani wawili wa mpakani, na kijana wa kuandika. Hesabuni matuta yaliyochimbwa kuzuia udongo usishuke, mipichesi iliyopandwa, miparachichi iliyoanza kuzaa, mfereji uliofukuliwa. Andikeni nini kilikuwepo na nini kimeongezwa, kila mmoja atie saini au dole gumba. Mtu aliyelima kwa nia njema ana haki ya kufidiwa jasho lake au angalau kuvuna kilichopo, na mwenye shamba akiyaona matuta kwa macho yake huwa mpole kuliko akiyasikia kikaoni. Kipande kilichouzwa kwa mtu wa nje kina ugumu wake. Msimfukuze mnunuzi kwa mapanga, mpelekeni mwanasheria hati ya mauziano.

Ofisi ni kazi ya kuchosha, ila ni fupi kueleza. Aliyerudi ajipeleke mwenyewe jeshini, kikosi chake au kambi ya karibu, na kama hajui aanzie wapi, Mshauri wa Mgambo wa wilaya atamwelekeza. Asifichwe ndani. Aliyetekwa au kuugua ana maelezo ya kutoa. Aliyetoroka ana kesi, na kesi ya utoro haipungui kwa kujificha kwa mama. Kama kifo kilisajiliwa, usajili ufutwe kupitia msajili wa wilaya na RITA, la sivyo kila kitambulisho atakachoomba kitamkuta ni marehemu. Ofisi iliyowalipa wategemezi mafao iarifiwe kwa barua, nakala mbaki nayo. Msingoje wajue wenyewe.

Mwisho ni yeye mwenyewe. Hiroo Onoda, ofisa wa Kijapani aliyetangazwa kuwa amekufa mwaka 1959, alitoka msituni Ufilipino mwaka 1974, akapokewa kwao kwa shangwe, na mwaka uliofuata akahamia Brazil kufuga ng'ombe. Shangwe haitoshi. Mtu aliyerudi hushtuka mlango ukibamizwa, hukaa macho usiku, hunywa, hupiga. Msiseme amerogwa. Hospitali ya magonjwa ya akili ya Lutindi, upande wa Korogwe, inayoendeshwa na KKKT, ipo katika milima hiihii tangu enzi za Wajerumani. Kumpeleka huko si kumtupa, na mke wa zamani asifanywe dawa ya ugonjwa huo.

Na wewe unayesoma haya ukiwa bado unangoja: kama miaka mitano imepita bila simu, barua wala salamu, usisubiri mchumba wa pili ndipo ukumbuke mahakama. Nenda sasa, na cheti cha ndoa au mashahidi wa ndoa yako, barua yoyote ya jeshi uliyonayo, barua ya mtendaji wa kijiji, na ndugu wawili wa mumeo watakaoapa kwamba hawajamsikia. Omba tamko. Akirudi kesho utafurahi kama watu wote, na hakuna kikao kitakachokuuliza wewe ni mke wa nani.