Asikose Mtu Kiti: Kuandaa Jioni ya Michezo kwa Vijana



Mwaka jana vijana wa kigango chetu tulikubaliana tukutane Jumamosi moja tucheze bao, karata na ludo. Tukatangaza baada ya Misa, tukanunua karanga na juisi, tukaona tumemaliza. Walikuja vijana 18. Kufikia saa 11 jioni, kaka wawili walikuwa hawajaachia bao tangu saa 9, wanne wanabishana kwenye karata, na waliobaki wamekaa ukutani na simu zao. Kijana mmoja mgeni aliondoka bila kuaga. Nilipompigia baadaye akaniambia, "Nilidhani ni ya watu mnaojuana." Kwa kweli neno lile liliniuma. Hakuna aliyemfukuza, ila hakuna aliyemwekea kiti.

Mtakatifu Yohane Bosco (1815–1888) aliijua nguvu ya mchezo. Akiwa mtoto kijijini alijifunza mazingaombwe na kutembea juu ya kamba ili awakusanye wenzake, kisha anasali nao. Baadaye huko Turin vijana waliokuja mjini kutafuta kazi walipata kwake katekisimu na pia uwanja wa kuchezea. Basi tujifunze nasi kuandaa vizuri.

1. Hesabu watu kwanza, ndipo uchague michezo

Bao na drafti ni za watu wawili. Ludo ni ya wanne. Dhumna nayo inatosha wanne. Kwa hiyo ukitarajia watu 16, ukaleta bao mbili tu, umeshawaacha 12 wakitazama! Weka meza mbili za ludo (watu 8), moja ya dhumna (4), bao moja na drafti moja (4). Jumla 16. Akiongezeka mtu, acheze kwa zamu au wawili washirikiane upande mmoja. Drafti isikusumbue: kadibodi yenye miraba 64 na vizibo 24 vya soda vya rangi mbili vinatosha.

2. Gawa muda

Anza saa 9 alasiri, maliza saa 11 na nusu, ili wanaokaa mbali, hasa dada zetu, wafike nyumbani kabla ya giza. Cheza raundi nne za nusu saa kila moja. Nusu saa inayobaki ni ya kukaribishana, kula na kufanya usafi. Raundi ikiisha piga kengele, watu wahame meza. Mchezo haujaisha? Hesabuni mlipofikia, mpeane mikono, mwondoke. Mabingwa watalalamika kidogo, lakini ndiyo dawa ya wale wanaong'ang'ania.

3. Asiyejua apate mwalimu

Usimweke anayeanza mbele ya bingwa wa bao akamalizwa kwa dakika tano. Bao letu la Kiswahili lina mashimo 32 na kete 64, na kanuni zake ni nyingi. Mwanzishie bao la kujifunza: kila shimo linaanza na kete mbili, hakuna kete za akiba mkononi, mnaenda moja kwa moja. Kwenye karata, mkono wa kwanza mcheze zikiwa wazi mezani, kila mtu aone kwa nini karata fulani imetupwa. Na wewe mwalimu, eleza kwa dakika tatu, halafu acha acheze. Akikosea, mruhusu arudie.

4. Panga nani akae na nani

Usiseme "kaeni popote," maana marafiki watakaa na marafiki. Andika namba za meza kwenye vikaratasi, kila mtu achukue kimoja mlangoni. Mteue pia kijana mmoja ambaye kazi yake ni kumpokea mgeni, kumuuliza jina na kumfikisha mezani. Mwenye shida ya kuona mpe bao, kwa kuwa kete zinahesabika kwa vidole. Asiyesikia vizuri asiachwe kwenye meza yenye kelele.

5. Pesa na ulimi

Pesa isiwekwe mezani, hata ya soda. Aliyekuja bila nauli ya kurudia asijikute anapoteza au anaona aibu. Na matani? Bao bila matani halinogi, tunajua! Lakini tania mchezo, usimtanie mtu kwa umbo lake, kabila lake au umaskini wa kwao. Ugomvi wa kanuni ukizuka, mwenyeji aamue mara moja, mchezo uendelee.

Mara ya pili tulifanya hivi. Dada mmoja ambaye hakuwahi kugusa kete alimfunga kaka mmoja katika bao la kujifunza, na ukumbi mzima ukalipuka kwa vicheko. Yule mgeni wa kwanza hakuja. Bado namtumia ujumbe kila tukipanga.

Tafakari: Katika kundi lenu, ni nani huwa anakaa ukutani? Lini mara ya mwisho ulihama kutoka meza ya rafiki zako ili ukacheze naye?

Tendo la wiki: Mwalike kijana mmoja usiyemzoea, umfundishe mchezo mmoja.

Ee Bwana, utupe macho ya kumwona aliyekosa kiti, na moyo wa kumpisha. Amina.