Somo la 12: Kutengeneza Mshumaa kwa Nta ya Nyuki

Usiku umeingia Kamachumu, wilayani Muleba. Mvua kubwa inanyesha juu ya migomba na mibuni. Umeme umekatika, nawe hujamaliza kazi yako ya shule. Mama anawasha mshumaa na kuuweka mezani. Mwanga wake ni mdogo, lakini unatosha kusomea.

Je, umepata kujiuliza ni kitu gani hasa kinachoungua katika mshumaa? Je, ni utambi, au ni nta? Katika somo hili utatengeneza mshumaa, kisha utajibu swali hilo. Utajifunza pia jinsi ya kuyeyusha nta bila kuunguza nyumba.

NTA HUTOKA WAPI?

Zipo nta za aina nyingi. Mishumaa mingi inayouzwa madukani hutengenezwa kwa nta ya parafini, ambayo hutokana na mafuta ya petroli yachimbwayo ardhini. Nta nyingine hutokana na mimea. Katika miaka ya 1990 watu wa Marekani walianza kutengeneza mishumaa kwa nta ya soya. Mafuta ya soya ni kimiminika, lakini kiwandani huchanganywa na gesi ya haidrojeni hadi yakawa yabisi. Nta hiyo ni laini, kwa hiyo aghalabu humiminwa ndani ya kopo au bilauri ili isipoteze umbo.

Sisi tutatumia nta ya nyuki. Nyuki vibarua huitoa katika tezi zilizo chini ya tumbo, kisha huitumia kujenga masega ya kuwekea asali na kulelea watoto wao. Katika Mkoa wa Kagera asali hupatikana zaidi sehemu zenye misitu, kama vile Biharamulo, wilaya inayopakana na Muleba. Warina asali wengine hukamua asali na kutupa masega. Kufanya hivyo ni hasara, kwa sababu nta ni mali. Tanzania huuza nta ya nyuki katika nchi za nje.

KUSAFISHA NTA

Tia masega yaliyokamuliwa katika sufuria yenye maji. Yapashe moto polepole hadi nta yote iyeyuke. Chuja kwa kitambaa katika chombo kingine, kisha acha yapoe mpaka kesho yake. Utaona nta imeganda juu ya maji kama kifuniko cha rangi ya manjano. Nta huelea kwa sababu ni nyepesi kuliko maji ya ujazo ule ule. Takataka zilizopenya kitambaani huwa zimebaki chini.

JARIBIO LA 1: MAJI YANAYOCHEMKA YANA JOTO KIASI GANI?

Vifaa: sufuria, maji, jiko la mkaa, kipimajoto na saa.

Chemsha maji. Mwalimu wako atashikilia kipimajoto ndani ya maji bila kugusa sufuria. Maji yakianza kutokota, soma kipimajoto kila baada ya dakika moja, mara tano. Andika namba hizo katika daftari lako. Sasa ongeza mkaa na upepee jiko. Soma tena mara tano.

Umeona nini? Maji yalitokota kwa nguvu zaidi, lakini joto halikupanda. Joto lote lililoongezwa lilitumika kugeuza maji kuwa mvuke.

Dar es Salaam, iliyo pwani, maji huchemka yafikapo nyuzi 100 za Sentigredi. Bukoba mjini, ufukoni mwa Ziwa Victoria, yatachemka yafikapo nyuzi 96 hivi. Sababu ni kwamba Bukoba iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na huko kanieneo ya hewa ni ndogo kuliko pwani. Maji hayahitaji joto jingi kama ya pwani ili yachemke. Ukipanda milima ya Muleba, yatachemka kwa joto dogo zaidi.

Likumbuke jaribio hili. Ndilo litakalokulinda katika kazi inayofuata.

JARIBIO LA 2: KUTENGENEZA MSHUMAA

Fanya kazi hii pamoja na mwalimu au mtu mzima, nje ya nyumba, mahali pasipo na nyasi kavu.

Vifaa: nta safi gramu 200, sufuria kubwa, kopo safi, vijiwe vitatu, uzi mnene wa pamba, vipande vinne vya mwanzi, kila kimoja chenye urefu wa sentimita 15 na uwazi wa sentimita 2, chenye fundo upande mmoja, kamba, udongo wa mfinyanzi, vijiti vinne, na kifuniko kipana kinachofunika kopo lote.

Hatua za kufuata:

1. Pasua kila kipande cha mwanzi katikati kwa urefu. Loweka vipande majini kwa nusu saa ili nta isigande navyo. Vitoe, vifute, kisha unganisha nusu mbili na uzifunge kwa kamba. Ziba nyufa kwa udongo. Sasa unazo kalibu nne. Zisimamishe mchangani, fundo likiwa chini.

2. Weka vijiwe ndani ya sufuria na utie maji. Katakata nta, itie katika kopo, kisha weka kopo juu ya vijiwe. Maji yasiingie ndani ya kopo. Chemsha maji hayo. Nta ya nyuki huyeyuka ifikapo nyuzi 62 hadi 65 hivi.

3. Chovya nyuzi za pamba katika nta iliyoyeyuka, zivute zinyooke, na uziache zikauke. Hizo ndizo tambi zako.

4. Funga kila utambi katikati ya kijiti. Laza kijiti juu ya mdomo wa kalibu ili utambi uning'inie katikati.

5. Mwalimu wako atamimina nta polepole. Abakize kidogo katika kopo.

6. Subiri. Nta ikianza kuganda, tazama juu yake. Utaona shimo karibu na utambi. Nta husinyaa inapopoa, kwa hiyo huchukua nafasi ndogo zaidi. Jaza shimo hilo kwa nta iliyobaki.

7. Acha kalibu mpaka kesho yake. Usizitie katika maji baridi ili kuharakisha kazi, maana nta inaweza kupasuka. Fungua kamba, tenganisha mwanzi, na utoe mshumaa.

KWA NINI HATUWEKI KOPO MOJA KWA MOJA JUU YA MOTO?

Moto wa mkaa una joto la mamia ya nyuzi. Nta ikiwekwa juu yake itayeyuka, kisha itazidi kupata joto. Ikipita nyuzi 200 hutoa mvuke mwingi unaoweza kushika moto ghafla. Lakini kopo likiwa ndani ya maji, nta haiwezi kupata joto kuliko maji yenyewe. Umekwisha kuona kuwa maji ya Bukoba hayapiti nyuzi 96 hivi. Basi maji ndiyo mlinzi wetu. Usiyaache yakauke.

HATARI! Nta ikishika moto, USIMWAGE MAJI. Maji ni mazito kuliko nta, kwa hiyo yatazama chini yake. Huko yatageuka mvuke mara moja na kurusha nta inayowaka usoni na mikononi mwako. Rudi nyuma na umwite mtu mzima. Yeye atafunika kopo kwa kifuniko na kuzima jiko kwa mchanga. Moto ukikosa oksijeni hufa. Kopo lisihamishwe wala kufunuliwa kabla halijapoa.

NI NINI KINACHOUNGUA?

Mwashie mwalimu wako mshumaa mmoja mahali pasipo na upepo. Baada ya dakika tano, mwalimu auzime kwa kupuliza. Utaona moshi mweupe ukipanda kutoka kwenye utambi. Hapo hapo alete njiti ya kiberiti inayowaka katika moshi huo, juu kidogo ya utambi. Tazama! Mwali unashuka kwa kufuata moshi na kuuwasha mshumaa tena, ingawa njiti haikugusa utambi.

Moshi ule mweupe ni mvuke wa nta unaopoa. Kwa hiyo kinachoungua hasa ni mvuke wa nta. Joto la mwali huyeyusha nta iliyo yabisi. Kimiminika hupanda katika utambi, kama maji yapandavyo katika kitambaa. Kikifika juu hugeuka mvuke, na mvuke huwaka. Hivyo mshumaa mmoja unaonyesha hali zote tatu za maada. Mwanasayansi Michael Faraday aliwafundisha vijana wa London mambo haya mwishoni mwa mwaka 1860, akitumia mshumaa kama wako.

MSHUMAA NYUMBANI

Katika nyumba ya msonge ya Wahaya, paa lilikuwa la nyasi na sakafu ilitandikwa nyasi. Cheche moja ilitosha kuiteketeza. Siku hizi nyumba nyingi ni za bati, lakini ndani yake mna mapazia, magodoro na vyandarua. Simamisha mshumaa katika kisahani chenye mchanga, mbali na vitu hivyo. Usiuache ukiwaka ukaenda kulala.

MASWALI

1. Taja nta za aina tatu na asili yake.
2. Kwa nini nta huelea juu ya maji?
3. Maji ya Bukoba huchemka kwa joto dogo kuliko ya Dar es Salaam. Eleza sababu.
4. Mwenzako anataka kuharakisha kazi kwa kuweka kopo la nta juu ya makaa. Utamweleza nini?
5. Kwa nini ni hatari kumwaga maji juu ya nta inayowaka?
6. Chora mshumaa unaowaka. Onyesha mahali nta ilipo yabisi, ilipo kimiminika na ilipo mvuke.
7. Kazi ya nyumbani: Waulize babu na bibi yako walitumia nini kupata mwanga usiku walipokuwa watoto. Andika majibu yao na uyasome darasani.