Valvu Ikivuja, Hedi Haijafa



Huenda una pikipiki ya bodaboda huko Mbagala, au kijana wako anaendesha Tandale na Mwananyamala. Siku moja pikipiki inashindwa kupanda kilima na abiria mmoja tu. Asubuhi inapigwa kiki mpaka mguu unauma. Fundi anaitazama, kisha anasema: "Hedi imekufa. Tafuta fedha twende Gerezani tukanunue nyingine." Fedha hiyo huenda uliiweka kwa ajili ya sare za watoto. Kabla hujaitoa, soma somo hili.

Pikipiki nyingi za bodaboda zina silinda moja. Pistoni hupanda na kushuka ndani yake. Juu ya silinda kuna kichwa chake, ambacho mafundi huita hedi. Ndani ya hedi mna valvu mbili. Moja huingiza hewa na petroli. Ya pili hutoa moshi.

Valvu ina umbo la uyoga. Ina shina refu na kofia. Ukingo wa kofia hukaa juu ya kiti chake, kama mfuniko unavyokaa juu ya sufuria. Pistoni inapopanda kushindilia hewa na petroli, valvu zote mbili lazima ziwe zimefunga kabisa. Ikiwa moja inavuja, nguvu hutoroka. Ni kama pampu ya baiskeli yenye ngozi iliyochakaa. Unasukuma, lakini tairi halijai.

Valvu ya moshi ndiyo huungua zaidi. Hupitiwa na moshi wenye moto mkali. Hupoa inapogusa kiti, kwa sababu joto lake huhamia kwenye hedi. Ikiwa haikai vizuri haipoi, na moto hupenya pale palipo wazi na kula ukingo. Ndiyo maana uvujaji mdogo usiachwe.

Sasa tupime. Anza na tapeti kabla ya kufungua hedi. Watu wengi huruka hatua hii, na naona hapa ndipo fedha nyingi hupotea bure. Kati ya mkono unaosukuma valvu na ncha ya shina lazima kuwe na nafasi ndogo sana. Nafasi hiyo ikiisha, mkono huizuia valvu isifunge. Valvu ni nzima, kiti ni kizima, lakini injini haina nguvu! Nafasi hupimwa injini ikiwa baridi, kwa vile vibati vyembamba vya kupimia. Kiasi chake kimeandikwa katika kitabu cha pikipiki, kwa mfano milimita 0.05. Soma vizuri. 0.05 si sawa na 0.5. Hiyo ya pili ni kubwa mara kumi.

Ikiwa tapeti ni sawa na kiki bado ni nyepesi, zima swichi na fungua plagi. Tia kijiko kimoja cha chai cha oili katika tundu lake. Rudisha plagi, kisha piga kiki. Kiki ikiwa nzito, yaelekea ringi za pistoni zimechakaa, kwa kuwa oili imeziba pembeni mwake. Ikibaki nyepesi, shuku valvu.

Hapo ndipo hedi ifunguliwe. Isafishwe masizi. Valvu zikiwa bado mahali pake, geuza hedi ili tundu la kuingizia hewa litazame juu. Mimina mafuta ya taa humo na utazame upande wa pili, kuzunguka kofia ya valvu. Fanya hivyo pia kwa tundu la moshi. Mafuta yakitiririka mara moja, valvu hiyo inavuja. Usitumie petroli kwa kazi hii, na anayevuta sigara akae mbali.

Valvu inayovuja hutolewa na kutazamwa. Ibingirishe juu ya kipande cha kioo. Ikiyumba, imepinda na haifai. Ikiwa ukingo umeliwa na moto au una ufa, inunuliwe nyingine. Ikiwa ina madoa madogo tu, husagwa. Fundi hupaka dawa ya kusagia kidogo kwenye ukingo, hunasa kofia kwa fimbo yenye mpira, kisha huizungusha kwa viganja kama mtu anayepekecha moto. Huinua valvu mara kwa mara na kuigeuza kidogo. Kazi ikienda vizuri, utaona mstari wa kijivu usiokatika kuzunguka ukingo wote.

Kalamu ya risasi unayokuja nayo darasani nayo ina kazi hapa. Chora vistari vingi vya kukata ukingo wa valvu. Irudishe mahali pake, bonyeza, izungushe kidogo, uitoe. Vistari vyote vikifutika pale inapogusa kiti, valvu imekaa. Vikibaki upande mmoja, bado. Ikiwa kiti kimeliwa sana, dawa haitakitibu. Hukatwa kwa mashine katika karakana.

Dawa yote ioshwe kabisa, kwa maana ikibaki itaendelea kusaga silinda. Rudia kipimo cha mafuta ya taa. Hedi ifungwe kwa gasketi mpya, kisha tapeti zipimwe upya.

Huna haja ya kufanya kazi hii mwenyewe. Mwombe fundi akupime mafuta ya taa ukiwa umesimama pale. Andika katika daftari lako tarehe, kilichopimwa, kilichobadilishwa na bei. Kijana anayetaka kujifunza ufundi wa magari aulize katika chuo cha VETA kilichoko Chang'ombe, Temeke.

Maswali

1. Kwa nini valvu ya moshi huungua zaidi?
2. Oili ikitiwa katika tundu la plagi na kiki ikawa nzito, ni nini kimechakaa?
3. Ipi ni kubwa, milimita 0.08 au milimita 0.5?
4. Andika mistari mitatu ya kumwomba fundi akupimie valvu kabla ya kununua hedi.