Walinzi wa Ubongo

Katika somo hili tutajifunza jinsi mwili unavyoulinda ubongo na virusi, na jinsi sisi wazazi tunavyoweza kuusaidia. Ugonjwa ukiingia ubongoni, mtoto hushikwa na degedege au husema maneno yasiyoeleweka. Ndipo watu husema, "Amerogwa." Siku zinapita, na mtoto anakufa nyumbani.

1. Virusi ni nini?

Virusi ni vidudu vidogo mno, hata darubini ya kawaida haivionyeshi. Haviwezi kuzaana mpaka viingie ndani ya chembe za mwili. Virusi vya surua huenea kwa kukohoa. Vya polio kwa maji na mikono yenye uchafu wa choo. Vya kichaa cha mbwa kwa kuumwa na mnyama mgonjwa. Vyote hivi vinaweza kufika katika ubongo au uti wa mgongo.

2. Askari wa mwili

Katika damu mna chembe nyeupe, nazo ni askari wa mwili. Juu ya kila chembe mna vitu vidogo sana viitwavyo vipokezi. Kipokezi ni kama kufuli: hukubali ufunguo wake tu. Viko vipokezi vinavyomtambua adui. Viko vingine vinavyoonyesha njia. Wavuvi wetu wakiwa ziwani usiku hutazama taa za Uvira wapate kujua pwani iko wapi. Vivyo hivyo, ubongo ukishambuliwa hutoa ishara zake, na askari wenye vipokezi vya kuzipokea huzifuata mpaka mahali pa vita.

3. Mfano kutoka Uganda

Mwaka 1937, katika wilaya ya West Nile huko Uganda, wataalamu walichukua damu ya mwanamke mwenye homa, wakakuta virusi ambavyo havijajulikana bado. Wakaviita kwa jina la wilaya ile. Virusi hivi huletwa na mbu waliouma ndege wenye virusi. Watu wengi wanaoambukizwa hawasikii kitu; katika watu 150, karibu 1 tu huugua ubongo.

Kwa nini wengi huokoka? Katika miaka ya 2005 na 2006 wataalamu wa Marekani walichunguza kipokezi kimoja cha kuonyesha njia, kiitwacho CCR5. Panya waliokosa kipokezi hiki walipata askari wachache tu ubongoni, nao wakafa. Kisha wakachunguza wagonjwa, wakaona kwamba watu waliozaliwa bila kipokezi hiki walikuwa wengi zaidi kati ya waliougua kuliko kati ya watu wote. Askari walikuwapo, lakini hawakuiona njia.

4. Chanjo huongeza askari

Kuna askari wengine ambao kila mmoja ana kipokezi cha namna yake. Mtoto asiyechanjwa anao wachache sana wanaomtambua adui wa polio. Kabla hawajaongezeka, virusi vimekwisha kufika katika mishipa ya fahamu. Chanjo humwonyesha mwili sura ya adui, naye hana nguvu tena. Askari wenye kipokezi kinachofaa huzaana, na wengine hukaa miaka mingi wakingoja. Adui wa kweli akija, hukamatwa njiani kabla ya kufika ubongoni.

Mwezi wa Machi 2023, jirani zetu wa Burundi walitangaza kwamba polio imeonekana kwao baada ya miaka zaidi ya 30. Mtoto mmoja wa miaka 4 katika wilaya ya Isale hakuwa amepata chanjo yo yote ya polio. Kati yetu na Burundi ni mto Ruzizi tu, na watu huvuka Kavimvira kila siku. Virusi havionyeshi karatasi mpakani.

5. Tufanye nini?

Mpeleke mtoto apate chanjo zote, pamoja na ya surua akitimiza miezi 9. Lala ndani ya chandarua.

Mbwa akikuuma, osha kidonda kwa maji na sabuni muda wa dakika 15, kisha nenda hospitali siku ile ile upate chanjo. Virusi hivi hutembea polepole katika mishipa, kwa hiyo chanjo yaweza kuwahi. Lakini dalili zikiisha kuonekana, karibu kila mgonjwa hufa.

Mtoto akiwa na homa kali, shingo iliyokakamaa, degedege, au usingizi asioamka, usingoje asubuhi. Mlaze ubavu, usimtie kitu kinywani, mlete upesi. Huenda ni malaria au ugonjwa mwingine wenye dawa. Kupima damu kutasaidia kujua.

Maswali

1. Vipokezi vina kazi gani mbili?
2. Kwa nini panya wa CCR5 walikufa, ingawa walikuwa na askari?
3. Chanjo humsaidiaje mtoto kabla ya kuugua?
4. Je, kadi ya chanjo ya mtoto wako imejaa? Iangalie leo.