Fedha za Kitalu Zimeingia Machi

*Mshauri, nalima mpunga ekari nne huku Mbarali. Msimu huu benki ilinikopesha shilingi 2,000,000 kwa riba ya 9% kwa mwaka. Niliomba Novemba, fedha zikaingia Machi, na Aprili wakaanza kudai rejesho la kwanza. Ikabidi niuze mpunga ungali shambani. Majirani wanasema heri mkopeshaji wa kausha damu, anakupa siku hiyohiyo. Nirudi huko?*

Usirudi, mwanangu.

Piga hesabu. Shilingi 2,000,000 kwa 9% kwa mwaka, ukilipa zote baada ya miezi minane, riba ni 120,000. Kausha damu akikutoza 10% kwa mwezi, kwa muda uleule riba ni 1,600,000. Hiyo ndiyo bei ya "siku hiyohiyo".

Hata hivyo majirani zako wana hoja, na wenye benki wangeisikiliza wasingekosa wateja. Mwaka 2021 Benki Kuu ilitangaza unafuu kwa benki zitakazokopesha kilimo kwa riba isiyozidi 10%, na wengi tukadhani kilio cha mkulima kimekwisha. Kumbe riba ni nusu ya kilio. Nusu nyingine ni tarehe. Mkopo wako ulipangwa kama wa mwenye duka anayeuza kila siku, ilhali wewe unavuna mara moja kwa mwaka. Ukidaiwa Aprili, mlanguzi ndiye anayepanga bei, na hasara hiyo haiandikwi kwenye taarifa yoyote ya benki.

Msimu ujao omba Agosti. Nenda na kalenda yako ya shamba: kitalu, kupandikiza, mbolea ya kukuzia, mavuno. Omba rejesho moja baada ya mavuno, liandikwe kwenye mkataba kabla hujasaini. Uliza pia ada na bima wanakata kiasi gani, maana mara nyingi kinachoingia mkononi si kile ulichoomba.

Kama kilichowachelewesha ni dhamana, waulize iwapo wamo kwenye mpango wa Benki ya Maendeleo ya Kilimo (TADB) wa kudhamini mikopo ya wakulima wadogo, ulioanza 2018. Na kama chama chenu cha ushirika (AMCOS) kinaaminika (si vyote), ombeni pamoja.

Wakishikilia marejesho ya kila mwezi, usisaini. Kaulize benki nyingine Agosti hiyohiyo, kabla maji hayajaingia majarubani.