Barua ya Vitisho Kuhusu Dishi na Dekoda: Haki Zako na Namna ya Kujibu

Kijitabu cha elimu kwa umma kwa wakaaji wa Mitwaba, Haut-Katanga

KIJITABU HIKI NI CHA NANI

Ni cha kila mwenye dishi juu ya bati, cha wenye nganda na sine-video, na cha vijana wanaopitisha kebo nyumba kwa nyumba. Léopards, timu yetu ya taifa, walipofika nusu fainali ya Kombe la Afrika huko Côte d'Ivoire, Februari 2024, dekoda moja na jenereta moja vilitosha kukusanya mtaa mzima. Mpira hukutanisha watu, na mpira huohuo huleta kesi: mtu anafika na karatasi yenye mihuri, anasema "mnaiba picha," anataka pesa leo leo, la sivyo jela.

Neno letu ni moja: barua ya vitisho si hukumu. Usiitupe, usiikimbie, wala usilipe kwa woga. Ijibu kwa maandishi na udai ushahidi.

1. KOSA LIKO WAPI, NA HALIKO WAPI

Chaneli za kulipia hurushwa kutoka kwenye setilaiti zikiwa zimefungwa. Kadi ya dekoda ndiyo yenye ufunguo, nayo imeandikishwa kwa jina la mwenye abonema. Abonema ya nyumbani ni ya watu wa nyumba hiyo. Kwa hiyo pima hali yako:

• Kuwa na dishi, au dekoda ya chaneli zinazoruka wazi, si kosa.
• Kununua dekoda iliyotumika si wizi, lakini dai karatasi ya mauzo, kisha nenda kwa wakala iandikishwe kwa jina lako.
• Kuonyesha mechi kwenye nganda au sine-video kwa abonema ya nyumbani ni kuvunja mkataba, na kunaweza kukufikisha kwenye kesi ya haki za watunzi na watangazaji. Biashara inahitaji mkataba wake.
• Kufungua chaneli kwa kadi ya bandia, au kwa ufunguo wa wizi unaopitishwa kwenye intaneti, ni kosa.
• Kugawa picha kwa kebo kwa majirani na kukusanya pesa kila mwezi bila ruhusa ndilo jambo zito kuliko yote, kwa sababu ni biashara iliyojengwa juu ya mali ya mwingine.

Barua inaweza kutaja Ordonansi-Sheria namba 86-033 ya tarehe 5 Aprili 1986 kuhusu haki za watunzi, Sheria namba 20/017 ya tarehe 25 Novemba 2020 kuhusu mawasiliano, au Kanuni ya Dijitali ya tarehe 13 Machi 2023. Jina la sheria peke yake halitoshi. Uliza: ni kifungu gani, na nimefanya nini kinachokivunja?

2. SIKU BARUA INAPOFIKA

Kwanza, andika tarehe uliyoipokea na jina la aliyeileta. Tunza bahasha pia.

Pili, isomwe yote. Ikiwa ni ya Kifaransa nawe hukielewi vizuri, mpe mwalimu au mtu unayemwamini akufasirie neno kwa neno. Kuuliza si ujinga.

Tatu, tazama imetoka kwa nani. Barua ya kampuni au ya avoka ni madai ya upande mmoja. Konvokasio ya polisi au ya parke (ofisi ya mwendesha mashtaka) ni wito wa serikali, na huo unapaswa kuuitikia, ikiwezekana ukiwa na avoka. Karatasi ya korti ina tarehe ya kesi; ukikosa kufika, zuzi anaweza kuamua bila kukusikia.

Nne, hakikisha mwandishi ni wa kweli. Usipige namba iliyoandikwa kwenye barua. Tafuta ofisi ya kampuni au wakala wake anayejulikana, na umwombe athibitishe. Akisema ametumwa na SOCODA, shirika la haki za watunzi la Kongo, omba hati ya kutumwa, na ukumbuke kwamba malipo ya muziki unaopigwa kwenye nganda ni jambo jingine, si abonema ya televisheni.

Tano, usitume pesa kwa M-Pesa, Airtel Money au Orange Money kwenye namba ya mtu binafsi. Malipo halali yana risiti yenye jina la anayelipwa na sababu ya malipo.

Sita, usitie sahihi karatasi ya kukiri kosa au ya kuahidi deni kabla ya kuielewa. Sahihi ikishatoka mkononi, kuirudisha ni kazi kubwa.

3. MTU AKIBISHA HODI

Wakala wa kampuni hana mamlaka ya kuingia kwako kwa nguvu, kuchukua dekoda yako wala kukufunga. Anaweza kuandika, kushitaki na kuleta mashahidi, basi.

Afisa wa polisi ya sheria, yaani OPJ, ana mamlaka, lakini mamlaka hayo yana mipaka. Katiba ya tarehe 18 Februari 2006 inasema hivi:

• Kifungu cha 17: mshitakiwa hana hatia mpaka hukumu ya mwisho imtie hatiani.
• Kifungu cha 18: anayekamatwa aambiwe mara moja sababu, kwa lugha anayoielewa, na aruhusiwe kuwasiliana na familia yake au avoka. Kuwekwa polisi kusizidi saa 48. Baada ya hapo aachiliwe au afikishwe mbele ya mamlaka ya sheria.
• Kifungu cha 19: una haki ya kutetewa na mtu uliyemchagua, hata wakati wa uchunguzi wa polisi.
• Kifungu cha 29: nyumba yako haiingiliwi ovyo, na kuipekua lazima kufuate sheria.

Vitu vikichukuliwa, omba PV, yaani ripoti ya maandishi ya OPJ, inayotaja kila kimoja: dekoda na namba yake, kadi, kebo, televisheni. Isome kabla ya kutia sahihi. Ikiwa jambo halikuandikwa sawasawa, omba maneno yako yaongezwe. Usipigane, usimtukane mtu, usifiche vitu. OPJ akikupa nafasi ya kulipa faini ya mapatano, jua kwamba faini hiyo ni ya hazina ya serikali, si ya mfuko wa mtu. Dai risiti.

4. MFANO WA JIBU

Mitwaba, tarehe ......
Kwa ......

Nimepokea barua yenu ya tarehe ...... Sikubali madai yaliyomo kabla ya kuona ushahidi. Naomba mnipe kwa maandishi:
1. hati inayoonyesha kwamba mna mamlaka ya kudai kwa jina la kampuni;
2. tarehe, mahali na kitendo mnachonishitakia;
3. kifungu cha sheria;
4. hesabu ya pesa mnazodai.
Nitajibu nikishashauriana na avoka.

Jina na sahihi: ......

Toa kopi. Anayepokea atie sahihi na tarehe kwenye kopi yako.

5. SOMO KUTOKA MAREKANI

Miaka ya mwanzo ya 2000, kampuni ya televisheni ya setilaiti ya DirecTV iliwatumia watu zaidi ya 100,000 barua za kudai maelfu ya dola kila mmoja, wengi wao kwa sababu tu walinunua kifaa cha kuandika kadi za kompyuta. Kifaa hicho kilikuwa na matumizi mengine halali, lakini wengi walilipa kwa kuogopa gharama za kesi. Wengine walijibu wakisaidiwa na mawakili wa shirika la Electronic Frontier Foundation na wa Chuo Kikuu cha Stanford. Juni 2004, korti ya rufaa katika kesi ya DirecTV dhidi ya Treworgy iliamua kwamba kampuni haiwezi kumdai mtu fidia kwa sababu tu ana kifaa. Mwezi huohuo kampuni ikakubali kuacha kushitaki watu kwa msingi huo peke yake.

Hukumu ya Marekani haimfungi zuzi wa Kongo. Lakini swali lile linafaa hata hapa: mna ushahidi gani kwamba nilitazama au niligawa, zaidi ya kuwa na dishi?

6. KAMA KWELI UMEKOSA

Acha leo. Kata kebo za majirani na uwaambie sababu. Usichome wala kuharibu vitu baada ya kupokea barua. Hilo linaweza kugeuzwa ushahidi dhidi yako. Kisha tafuta mapatano kupitia avoka: kiasi unachoweza kulipa, awamu zake, na sentensi inayosema wazi kwamba malalamiko yamefungwa. Ukitaka kuendelea na biashara, omba mkataba wa mahali pa umma.

Tunasema hivi kwa sababu haki ina pande mbili. Timu kama TP Mazembe, wanamuziki na watengenezaji filamu wetu nao wanahitaji malipo ya haki za kazi zao. Anayeiba picha anawanyima; anayetisha watu ovyo kwa jina lao anawachafulia jina.

7. MAHALI PA KUPATA MSAADA

Baraza la mawakili la Haut-Katanga liko Lubumbashi. Sheria ya mawakili ya mwaka 1979 imeweka ofisi ya ushauri wa bure kwa wasio na uwezo. Lubumbashi ni mbali na barabara ni mbaya, kwa hiyo usingoje siku ya mwisho: piga picha za kurasa zote kwa simu, umtumie avoka au ndugu aliye mjini azipeleke. Waliopokea barua inayofanana wakutane, walinganishe karatasi zao na kumtafuta avoka pamoja. Anayetisha mtu mmoja mmoja gizani hupata shida kubwa mbele ya watu kumi wanaouliza swali moja kwa maandishi.