Mashindano ya Pikipiki katika Kisiwa cha Man

Ukitazama ramani ya Ulaya, utaona kisiwa kidogo baharini, kati ya Uingereza na Ayalandi. Ndicho kisiwa cha Man. Wenyeji wake wana baraza lao la kutunga sheria, nalo ni la kale sana, laitwa Tynwald. Pasipo baraza hilo, mashindano haya yasingalikuwapo.

Mwanzoni mwa karne ya ishirini sheria ya Uingereza ilikataza chombo cho chote cha mota kwenda barabarani zaidi ya maili 20 kwa saa, wala haikuruhusu barabara kufungwa kwa ajili ya mashindano. Basi waundaji wa vyombo hivyo walikosa mahali pa kuvijaribu. Mwaka 1904 baraza la Man likatunga sheria ya kufunga barabara. Kwanza walikuja wenye motakaa. Kisha, tarehe 28 Mei 1907, wakaja wenye pikipiki 25.

Njia ilikuwa ya vumbi na mawe, nao walitakiwa kuizunguka mara 10, jumla yapata maili 158. Hawakuondoka wote pamoja, bali wawili wawili, na kila mtu akahesabiwa muda wake. Charlie Collier alishinda upande wa pikipiki za silinda moja, akiendesha Matchless, iliyoundwa na jamaa yake mwenyewe. Alitumia saa 4 na dakika 8, yaani maili 38 kwa saa. Mwendo huo leo waonekana mdogo, lakini barabara ile haikuwa na lami! Hata hivyo wengi walinung'unika, maana pikipiki yake ilikuwa na pedali kama za baiskeli, naye aliweza kuisaidia injini mlimani kwa miguu. Mwaka uliofuata pedali zikakatazwa, na Jack Marshall, aliyekuwa wa pili, akashinda.

Upande wa silinda mbili, Rem Fowler alipata taabu nyingi. Mara kwa mara alisimama kutengeneza chombo chake, na mwisho tairi likapasuka. Alikuwa karibu kukata tamaa, ndipo mtazamaji mmoja alipomwambia kwamba amewaacha wenziwe mbali. Akatengeneza tairi, akaendelea, akashinda.

Mwaka 1911 mashindano yakahamishiwa njia ndefu zaidi, yenye maili zaidi ya 37 kwa mzunguko mmoja, ipandayo mlima Snaefell. Huko juu palikuwa na malango ya wafugaji wa kondoo. Pikipiki za Indian kutoka Marekani, zilizokuwa na minyororo na gia, zilipanda vizuri kuliko zile za mikanda, zikachukua nafasi tatu za kwanza. Mwaka huo huo Victor Surridge alianguka katika mazoezi akafa. Yeye alikuwa wa kwanza kufa katika njia ile. Tangu hapo wamekufa zaidi ya 250.

Vita viwili vikuu vilisimamisha mashindano. Mwaka 1949 yakaingizwa katika mashindano ya ubingwa wa dunia, na mwaka 1957 Bob McIntyre akawa wa kwanza kupita maili 100 kwa saa katika mzunguko mzima.

Lakini mwaka 1972, katika mvua na ukungu, Mwitalia Gilberto Parlotti alianguka mlimani akafa. Rafiki yake Giacomo Agostini, aliyekuwa amekwisha kushinda huko mara 10, akakataa kurudi tena. Wengine wakamfuata, na baada ya 1976 mashindano yakatolewa katika ubingwa wa dunia. Watu wengi walidhani yamekwisha. Hayakwisha: mwaka 2023 Peter Hickman alizunguka njia ile ile kwa maili 136 kwa saa. Yeyote ajaye sasa huja kwa hiari yake, kwa maana bingwa wa dunia halazimiki tena kupita pale. Na siku ambayo ukungu umeshuka mlimani, hata ndege ya kuokoa majeruhi isiweze kuruka, hakuna aondokaye mpaka ukungu uinuke.